Saa ya kardio ao mukaba wa kifua? Soma mbele ya kutoa dola

Nianze na bei juu najua njo fasi macho yenu inakimbilia. Mukaba wa kardio, ule wa kufunga ku kifua juu ya kupima mapigo ya moyo, wa Wachina kama Coospo ao Magene, unacheza ku dola 30 hivi kule unakouzwa. Polar H9 inapita 60, Polar H10 inazunguka ku 90 mupaka 100, na hapo bado haujamupa kitu mutu wa kukuletea. Saa za mukono zinaanza ku dola 10 hapa ku Nyawera mu Bukavu, zinapanda mupaka mia tano na zaidi kwa zile Garmin na Apple Watch ambazo huku kwetu mara mingi ni za mutu mwenye shemeji ku Ulaya. Sasa mimi maoni yangu ni haya, na mwenye kukasirika akasirike: kama unaishi mu Bukavu na unataka kujua moyo wako unafanya kazi gani wakati unakimbia, nunua mukaba wa dola 30, uunganishe na telefone uliyo nayo tayari, ile saa ya dola 150 uiache ku vitrini. Watu wa fasi barabara zimelala wafanye yao, hatuko hali moja.

Juu ya nini nasema vile? Milima. Ukisoma watu wa mbio mu intaneti utaona wote wanaongea dakika kwa kilometa, huyu anasema yeye ni dakika 6, mwingine 5 na nusu, sawa, wao wanaishi fasi ya kunyooka. Hapa kwetu ile hesabu ni bure. Toka chini ku Feu Rouge upande Kadutu, telefone itakuambia umemaliza dakika 10 kwa kilometa moja, utajiona mugonjwa, kumbe moyo uko mapigo 175 kwa dakika na haujabakiwa hata na pumzi ya kuitika jambo ya wamama wa sambaza. Geuka sasa ushuke, dakika 5 kwa kilometa, unajiona bingwa, na moyo uko 125, mwili wote unapumzika isipokuwa magoti. Mulima unaharibu hesabu ya mwendo pande zote mbili. Moyo wenyewe unaonyesha tu kazi iliyoko, ikuwe ya kupanda, ikuwe ya kubeba mutoto mugongoni.

Njo maana mu kikundi chetu cha siku ya posho tuliacha zamani kushindana kwa dakika. Kila mutu iko na namba yake ya moyo ambayo hapiti mupaka tufike juu, na wale vijana wenye miguu ya moto wanalazimika kutembea fasi ya mupando, mwanzoni haya inawashika juu watu wa pikipiki wanawacheka wakipita, kisha wanazoea. Tukifika juu wote tuko hai na tunaongea.

Kuko pia maneno ya urefu. Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, Uvira haifiki 800. Ndugu zetu wa Uvira wakipanda huku kwa njia ya Kamanyola, siku za kwanza moyo wao unapiga zaidi kwa mwendo uleule walikuwa wanakimbia kando ya Tanganyika, na wanaanza kusema nimezeeka, nimelogwa. Hapana. Hewa ya huku ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, basi moyo unazungusha damu haraka zaidi juu kazi ifike. Ukiwa na kardio unaona ile kitu kwa macho, unapunguza mwendo siku kadhaa, unaacha mwili uzoee. Bila kardio unajilazimisha na unaishia kukaa ku jiwe barabarani.

Sasa tuingie ndani ya vyombo, juu hapa njo watu wanauziwa takataka.

Mukaba unasoma umeme. Kila moyo ukitaka kupiga, umeme mudogo unapita mu nyama ya moyo kwanza, na ule umeme unafika mupaka ku ngozi. Ni kazi ileile ya mashine ya ECG ya hospitali, ile wanakubandika nyaya ku kifua, ambayo ilimupatia Muholanzi Willem Einthoven tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mukaba wenyewe iko na vipande viwili vya mpira laini vinavyogusa ngozi chini kidogo ya kifua, na kidude cha plastiki katikati kinachohesabu na kutuma ku telefone. Waliouondolea nyaya ni Wafini: kampuni ya Polar, ilianzishwa mwaka 1977 kule kandokando ya mji wa Oulu na profesa Seppo Säynäjäkangas, wazo likiwa ni kusaidia watu wao wa kuteleza ku teluji, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuuza ya kwanza isiyo na waya. Fikiria basi, kitu cha watu wa barafu njo kinanisaidia kupanda Kadutu.

Saa ya mukono haisomi umeme wakati unakimbia, inasoma mwanga. Ukigeuza utaona taa ya kijani chini yake. Damu ni nyekundu, inameza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo ukisukuma damu mupya mu mukono, mwanga unaorudi ku saa unapungua kidogo, kisha unaongezeka, kisha unapungua, saa inahesabu ile michezo. Ukiwa umekaa ao umelala, inafanya kazi muzuri kabisa, siibishii. Shida inaanza ukitikisika. Mukono ni fasi ya mifupa na mishipa migumu, saa inaruka, mwanga wa jua unaingia pembeni, na asubuhi ya baridi damu inakimbia ku vidole inarudi ndani, basi sensa inabaki kutafuta kitu haioni.

Na ikikosa moyo inashika kitu kingine. Hii wengi hawajui: mutu akikimbia anapiga hatua karibu 160 mupaka 180 kwa dakika, na mukono unacheza kwa mwendo uleule, saa inachukua ile ngoma ya hatua inadhani njo moyo. Dada mumoja wa kikundi chetu saa yake ilikuwa inamuandikia 172 kila mara, hata fasi ya kunyooka, tukimuongelesha anajibu bila kuhema, akaanza kuogopa moyo wake. Tukamufunga mukaba wangu: 138. Hatua zake tukahesabu: 172. Alicheka mupaka machozi, lakini wiki mingi ilikuwa imepita akikata mbio katikati juu ya woga.

Tena saa inachelewa. Ukianza kupanda ghafula, moyo unaruka mara moja, mukaba unaonyesha mara moja, saa ya mukono inakuja kuamka wakati umeshafika ku kona. Kwa mutu wa kukimbia polepole fasi ya kulala haina shida. Kwa sisi wa kupanda na kushuka kila mita mia mbili, saa inabaki nyuma siku yote.

Sasa ndizi. Siyo ya kula, ya kupimia. Shemeji yangu alileta saa yake ya rangi ya dhahabu, kioo kubwa, alinunua mu butiki moja hapa mujini, wakamuambia inapima moyo, pressure, oksijeni, sukari, usingizi, na hasira. Tukaifunga ku ndizi mbivu pale pale ku meza. Taa ya kijani ikawaka, ikawaza kidogo, ikaandika 78. Tukangoja. 83. Mutoto mukubwa akauliza kama ndizi iko na pressure pia, tukabonyeza, ikatoa 118 kwa 76, nzuri kuliko ya shemeji mwenyewe. Niseme ukweli wote: hata saa ya bei kali inaweza kudanganyika na ndizi, juu sensa inatafuta mwanga unaocheza, haijui kama inaangalia mutu. Lakini ile inayokutolea pressure ya ndizi bila haya, wewe utaiamini namna gani ku mukono wako?

Na ile ya sukari, hapo nitasema kwa sauti juu najua wazee wetu wa kisukari wananunuliwa hivi vitu na watoto wao kwa roho nzuri. Mwezi wa pili mwaka 2024, FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa na vyombo vya hospitali, ilitoa onyo: haijaruhusu saa yoyote wala pete yoyote inayosema inapima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Yoyote. Kwa hiyo saa ya dola 15 inayokuandikia sukari inatunga namba, na mutu akijidunga insulini kwa kufuata ile namba anaweza kufa. Endelea na kidole na tone la damu.

Kuko neno lingine linazunguka, kwamba hizi taa hazisomi ngozi nyeusi, zilitengenezwa kwa wazungu. Neno si la upumbavu, rangi ya ngozi yetu kweli inameza mwanga wa kijani, na kile kipimo cha oksijeni cha kubana ku kidole, mwaka 2020 waganga wa Marekani walionyesha kinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi, kinaficha upungufu. Lakini kwa mapigo ya moyo hali ni tofauti kidogo. Mwaka uleule wa 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Duke walijaribu saa mbalimbali ku ngozi za rangi zote, hawakukuta tofauti ya maana kati ya rangi na rangi, walichokuta ni kwamba mutu akianza kutembea na kufanya kazi makosa yanaongezeka kuliko akiwa amekaa. Kwa hiyo adui ya kwanza ni mutikisiko. Chapa ya wino ku mukono, tatuaji ile, nayo inasumbua kwelikweli. Mukaba wa kifua hauna maneno na rangi wala tatuaji, umeme haujui rangi.

Kama kufunga kitu ku kifua kunakuchukiza kabisa, kuko njia ya katikati: sensa ya mwanga ya kuvaa ku mukono wa juu, karibu ya bega, kama Polar Verity Sense ao zile za Coospo. Inatumia mwanga kama saa, lakini pale juu kuko nyama, hakuna mifupa ya kusumbua, haitikisiki sana, inasoma muzuri kuliko saa. Shida yake moja tu, inataka chaja. Na hapa najua mumeshaelewa fasi naenda.

Umeme. Saa kubwa zile za kuchajiwa kila siku ao kila siku mbili, mu kartie ambayo umeme unakuja usiku wa manane ukienda asubuhi, ni kazi juu ya kazi: telefone inataka, taa inataka, mutoto iko na telefone yake inataka. Mukaba unatumia batri ya duara ndogo, mara mingi CR2032, ile ya mizani na ya funguo za gari, Polar H10 inachukua CR2025 na Polar wenyewe wanasema inaenda karibu saa 400. Mutu wa kukimbia saa moja kila siku anapita mwaka. Nunua batri mbili za jina linalojulikana kwa mutu unayemuamini, juu za kopi zinaisha mbio na zingine zinavuja maji ndani.

Ukienda kununua mukaba, ao ukituma mutu anayetoka Kigali, Nairobi ao Dubai, muambie aangalie kwanza Bluetooth. Kuko namna mbili za kutuma namba, Bluetooth na ANT+. ANT+ ni ya saa za spoti na kompyuta za baiskeli, telefone nyingi haziijui. Mukaba ambao ni ANT+ peke yake utakuja kuutazama tu. Zile za siku hizi mingi ziko na zote mbili, lakini kuko za zamani zinauzwa bei ya chini na njo hizo mutu anakimbilia. Telefone ya Android yoyote iliyotoka miaka hii kumi inaweza kupokea, haina haja ya kubadilisha.

Kisha aulize kitambaa. Kidude cha plastiki kinadumu, kitambaa cha mpira njo kinakufa, kinalegea, chumvi ya jasho inakikula. Kama kitambaa kinauzwa peke yake, chukua hata mbili. Kama kidude na kitambaa vimeshikana moja kwa moja, acha. Na vipimo: wengi wanaagiza kubwa wakidhani ndogo itabana, kumbe ile inayoshuka ku tumbo katikati ya mbio njo inaleta namba za ajabu.

Programu, chukua yoyote ya bure inayokubali sensa, Polar iko na zake, Wahoo iko na yake, Strava pia inapokea. Usilipie kitu kwanza. Inataka mega kidogo tu wakati wa kupakua, kisha namba zinafanya kazi bila mega. Kwa wale hawataki kutoka na telefone saa kumi na moja asubuhi, na nawaelewa kabisa, sitaandika sababu, Polar H10 iko na memori ndani ya kushika mbio moja: unaianzisha nyumbani, unaacha telefone ku kitanda, unarudi inamwaga namba. Kwa hiyo sababu moja tu ningeelewa mutu atoe dola 90 pahali pa 30.

Wamama wenzangu, nyie muko na swali lenu na wanaume wa butiki hawajui kulijibu. Mukaba unakaa chini ya sutie, pale elastiki yake inapita, ao kidogo chini yake. Elastiki ikipanda juu ya mukaba ni muzuri, inaushikilia. Kama sutie inabana sana, legeza mukaba kidogo, usibane vyote viwili, utakosa pumzi ku mupando wa kwanza na utalaumu moyo. Na mbele ya kuvaa, loanisha vile vipande vya mpira na maji, hata mate inafaa, juu ngozi kavu haipitishi umeme. Mutu akikuambia mukaba wake unaandika 210 dakika tano za kwanza kisha unatulia, huyo alivaa mukavu, jasho njo limemusaidia.

Namba zenyewe sasa. Kila programu itakuuliza miaka na itafanya 220 kutoa miaka, inaita ile moyo wa juu kabisa. Hesabu hii inajulikana tangu mwaka 1971, na waliyoiandika hawakuifanyia uchunguzi wao wenyewe, walivuta mustari mu namba za watu wengine. Mwaka 2001 wachunguzi wengine, Tanaka na wenzake, walitoa ingine, 208 kutoa miaka mara 0.7. Kwa mutu wa miaka 40 zote zinatoa 180, hakuna ugomvi. Kwa muzee wa miaka 60 ya kwanza inatoa 160, ya pili 166. Na zote mbili ni wastani, watu wa umri moja wanaweza kupitana kwa mapigo 10 ao zaidi juu na chini bila mumoja kuwa mugonjwa. Mimi niko na miaka 44, kitabu kinanipa 176, na ku mupando wa mwisho nikishindana na vijana nimeona 186 na nilishuka nikapika chakula. Kwa hiyo programu ikianza kulia "punguza, punguza" ku 160, mimi najua ni hesabu yake, si moyo wangu.

Njia ninayopenda ni ile ya Karvonen, Mufini tena, ya mwaka 1957. Unapima moyo asubuhi mbele ya kutoka ku kitanda, tuseme 62. Unatoa ile ku moyo wa juu, 186 kutoa 62 inabaki 124, ile njo nafasi yako ya kuchezea. Mbio ya polepole ni kama 60 kwa mia ya ile nafasi, yaani 74, unarudisha 62, unapata 136. Njo namba yangu ya siku ya posho. Mutu ambaye moyo wake asubuhi uko 80 atapata namba ingine kabisa hata kama tumezaliwa mwaka moja, na hii njo hesabu ya 220 haioni.

Na ile namba ya asubuhi peke yake inalipa mukaba. Ukiona siku mbili imepanda kutoka 62 kwenda 72 bila sababu, kuko kitu: haujalala, haujanywa maji, ao malaria inabisha hodi. Joto ya mwili ikipanda digrii moja tu moyo unaongeza karibu mapigo 10. Siku kama hiyo sikimbii, naenda kupima damu kama mwili unauma, na mara mingi labo inanipa haki.

Watu wa dawa za pressure, simameni hapa kidogo. Kuko dawa kama atenolol, bisoprolol, propranolol, zinashikilia moyo usipande. Ukiwa unakunywa moja ya hizo, hesabu zote nimeandika hapo juu hazikuhusu, utakimbia mupaka uanguke na kardio inaonyesha 115. Muulize munganga wako namba gani ufuate, na wewe tumia mudomo: ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko fasi nzuri. Ukiweza kuimba wimbo wa kanisa mupaka koro, ongeza. Ukishindwa kujibu jina lako, punguza. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kuruka bila mupango ukiwa umekaa, ile si ya mukaba wala ya mimi, ile ni ya hospitali siku ileile, hata kama namba ku kioo iko nzuri.

Nani hahitaji kununua kitu? Mutu wa kutembea. Kama spoti yako ni kutembea kwa nguvu dakika 30 mara tano mu wiki, zile dakika 150 OMS, shirika la afya la dunia, inaomba, weka dola zako. Vidole viwili ku mukono upande wa kidole gumba, ao ku shingo, upande moja tu usibane zote mbili, hesabu sekunde 15, zidisha mara 4. Fanya mara moja ukisimama juu moyo unashuka mbio ukipumzika. Mwalimu wetu wa spoti ku shule alikuwa anatupanga mustari mu kiwanja, tunapima, anapita anauliza moja moja, na aliyetunga namba alikuwa anajulikana. Vidole pia njo naenda navyo kukagua chombo kipya chochote: panda ngazi mbio, simama, hesabu, linganisha. Ikipitana kwa mapigo mawili matatu sawa, ikipitana kwa 20 mara kwa mara rudisha dukani wakati risiti bado iko moto.

Wanaoogelea ku ziwa, hapo si mukaba wowote. Bluetooth haipiti mu maji, telefone ku mawe ya kando haitasikia kitu mupaka utoke. Chukua ile yenye memori ndani, na uikaze muzuri juu ukiruka kutoka ku mawe ya Nguba maji inaivuta mupaka ku kiuno.

Ukirudi nyumbani, chomoa kidude ku kitambaa. Hii wanasahau kila siku: kitambaa kikiwa na jasho, kidude kinadhani bado uko unakimbia, kinabaki macho usiku wote kinakula batri. Kitambaa suuza na maji ya kawaida, mara moja mu wiki tia sabuni kidogo, anika kivulini, usipige pasi, usikikamue kama nguo ya mutoto. Na wale mumeshaanza kuniandikia muazime wa siku ya posho ijayo mbele ya kuamua kununua: kidude nitawapa, kitambaa kila mutu alete chake.